Mgonjwa wa Getini

Mimi na mbwa hatukuwa na ugomvi, ila hatukuwa na ujamaa pia. Nimekulia Tanga, katika nyumba ambayo mbwa akipita uani watoto wanakusanya nguo zao zisimguse, na nilifika Doha mtu mzima mwenye mvi bila kuwahi kumpapasa hata mmoja. Kwa hiyo nikisema kuna wiki ambayo usingizi wangu, mshahara wangu na heshima yangu vyote vilining'inia kwenye mguu wa mbwa, msinicheke. Au nichekeni tu, mimi mwenyewe hucheka.

Kazi yangu ni ulinzi. Nakaa getini kwenye kampaundi moja ya Al Wukair, ndivyo tunavyoziita hizi nyumba nyingi zilizozungushiwa ukuta mmoja. Wakati huo zamu ya mchana ilikuwa yangu, na ya usiku ilikuwa ya kijana mmoja wa Kenya, mtu wa Kitale. Mbwa alikuja katika zamu ya kijana, akitokea upande wa jangwani kunakojengwa majumba mapya. Alikuwa wa rangi ya mchanga, mbavu zinahesabika, sikio moja limelala. Kijana akampa kipande cha mkate, na mbwa hakuondoka tena.

Hakuwa na jina. Kijana alimwita kwa mluzi na ilitosha. Alilala nyuma ya kibanda chetu, chini ya mashine ya kiyoyozi, pale maji yanapodondoka mchana kutwa, akawa anayanywa hayo hayo. Msimamizi wetu alipokuja kukagua alijifanya hamwoni. Mimi niliweka sheria moja tu: kizingiti cha kibanda hakivuki, maana humo ndimo ninamosalia. Sikumpiga wala sikumfokea. Nilimwonyesha kidole, na tangu siku ile akawa anasimama pale pale, pua kwenye kizingiti, kama mpangaji aliyekuja kuulizia chumba. Nikakiri moyoni kwamba ana adabu kuliko watu wengi wanaopita geti lile kwa magari makubwa.

Sasa lazima niseme kuhusu kijana, la sivyo hamtaelewa kwa nini nilihangaika vile. Mama yangu alipofariki, ruhusa ya kusafiri haikupatikana kwa wakati. Nilizikiwa mama yangu nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, nikiinua na kushusha kizuizi cha magari. Kijana alipokuja kunipokea akanikuta katika hali ile, akaninyang'anya redio ya kazi na kuniambia nikalale. Alibeba zamu zangu pamoja na zake mpaka macho yakawa mekundu kama pilipili, na hakuwahi kunikumbusha hata siku moja. Yule Mkristo wa Kitale ndiye aliyenipa nafasi ya kumlilia mama yangu. Mtu wa namna hiyo akikuomba jambo, huulizi mara mbili.

Na aliomba. Likizo yake ilipofika alikuja getini mchana, mabegi mgongoni, shati jipya, manukato ya kutosha kampaundi nzima.

"Mzee wangu, chakula cha huyu jamaa nimeweka kwa stoo ya bustani. Maji ajitegemee. Lakini aki, umwangalie. Nikirudi nimpate akiwa sawa."

"Nimwangalie tu?"

"Umwangalie tu, mzee. Hata usimguse."

Nikasema sawa. Ahadi ni deni, na kumwangalia mbwa kwa mbali niliona si kazi ya kumtoa mtu jasho.

Hakuwa amemaliza hata wiki huko kwao. Asubuhi moja pikipiki ya kuleta chakula iliingia kwa kasi, yule dereva akitazama simu yake badala ya barabara, na mbwa alikuwa anavuka. Nilisikia kishindo kabla ya kuona chochote. Nilipotoka kibandani mbwa alikuwa ameketi katikati ya njia, mguu wa mbele wa kulia ameuinua, ananitazama mimi. Hakulia. Angelia labda ningebaki pale pale na kumpigia mtu simu. Lakini alinitazama tu, nami nikaona aibu.

Nilivaa mifuko ya nailoni mikononi, nikamzungushia turubai la mtunza bustani, na dereva wa pikapu inayoleta maji ya kunywa akakubali kutupeleka mradi mbwa akae nyuma. Nami nikakaa nyuma, kwenye jua lile, nimeshika turubai kwa ncha za vidole. Mlinzi wa akiba alinishikia geti.

Kliniki ile siitaji, wala sitasema iko mtaa gani. Ilikuwa safi, ina baridi, inanukia sabuni ya maua. Kulikuwa na mbwa wamekuja kutoka The Pearl, mtaa wa matajiri, wakiwa wamekaa kwenye vigari vya kusukumwa, na mito chini yao. Mmoja alikuwa amevaa viatu. Nakwambia ukweli, alikuwa amevaa viatu vinne. Wangu alikuwa ndani ya turubai lenye mbolea.

Dada wa mapokezi aliuliza mwenye mbwa ni nani. Nikajibu kwamba ni mbwa wa getini. Akauliza tena, mwenyewe ni nani, yule anayelipa. Nikatoa pochi. Hapo tukaelewana, lakini niliona kabisa jinsi uso wake ulivyofunga mlango. Kuanzia hapo nilipouliza swali, jibu lilielekezwa ukutani nyuma yangu.

Nililipa kumwona daktari, nikalipa picha ya eksirei, nikalipa sindano, nikalipa bendeji. Mshahara wa mlinzi haujui safari ndefu namna hiyo. Pesa niliyokuwa nimeitenga kuituma nyumbani ilimalizikia pale juu ya kaunta, na binti yangu chuoni nikamwandikia kwamba ada itachelewa kidogo. Daktari alikuwa kijana, nadhifu, simu imebanwa kati ya sikio na bega. Alisema mfupa umepasuka lakini haujaachana, utaunga wenyewe. Kisha akaufunga ule mguu huku anacheka na mtu wake wa kwenye simu, akivuta bendeji kama mtu anayefunga mzigo juu ya lori. Mbwa alitetemeka. Nikasema, daktari, mbona kama umekaza sana? Akanitazama kwa mara ya kwanza. Akauliza kama mimi pia ni daktari.

Nikanyamaza. Siku hizi najaribu kunyamaza. Hasira hasara, na kwangu mimi hasara zake ninazo za kutosha.

Baada ya siku mbili tatu vidole vilivyochomoza chini ya bendeji vilikuwa vimevimba. Nikampeleka tena. Wakataka nilipe upya kumwona daktari, nikalipa, na daktari akasimama mlangoni, akauangalia mguu kutoka pale, akasema uvimbe ni kawaida, nimpe dawa na nivute subira. Bendeji haikuguswa. Dawa nilizinunua pale pale, maana nyingine hazipatikani duka la nje.

Nikavuta subira. Vidole vikawa baridi. Nilijua ni baridi kwa sababu nilivua mfuko wa nailoni na kuvigusa kwa kidole kimoja, na katika jangwa lile ambako hata jiwe la kivulini lina joto, vile vidole vilikuwa baridi kama vya maiti. Kisha ikaja harufu. Mbwa akaacha kula.

Safari ya tatu nililipa tena, na daktari kijana alinusa tu na kusema mguu wote ukatwe kutoka begani. Akataja gharama, na nusu yake itangulie. Kama siwezi, kuna sindano ya kumpumzisha, nayo ina bei yake. Niamue kabla ya Jumamosi, kwa sababu sumu ikiingia kwenye damu hata hiyo operesheni itakuwa ya kazi gani. Nikamwambia afungue ile bendeji kwanza aone alichokifanya. Akasema hawezi kuanza kazi yoyote kabla ya malipo. Hapo nilinyamaza vibaya, kisha nikanyamazua. Nilipiga kaunta kwa kiganja. Nilisema maneno kwa Kiswahili ambayo hakuna aliyeyaelewa isipokuwa mlinzi wa mlangoni, mtu wa kwetu Afrika Mashariki, sare yake karibu sawa na yangu. Alinisogelea, akanishika mkono, akanitoa nje kwa upole mbele ya wale mbwa wenye mito. "Pole, mzee," alininong'oneza. "Nina watoto." Nikamwelewa. Ningekuwa mimi ningefanya vile vile. Lakini nilitolewa nje, mimi ambaye kazi yangu ni kuwatoa wengine.

Nilimpigia simu kijana Kitale nikamweleza yote. Akasema, "Mzee, usimwache achomwe sindano. Nipe tu kidogo." Sikumwuliza kidogo cha nini. Nilidhani anataka muda wa kulia.

Kumbe aliingia kwenye kundi la simu. Tuna kundi letu sisi Waafrika Mashariki, wapishi, walinzi, madereva, wahudumu wa hoteli, wengi wao wanaishi Al Mansoura. Mimi nilikuwa nimejitoa kwa hasira kwa sababu ya picha za maua za kila asubuhi. Sheria ya kundi ni kwamba mtu akiugua, unatoa kwanza, unauliza baadaye, na Ijumaa mnakwenda kumjulia hali. Kijana aliandika hivi: "Wadau, geti la Wukair tuko na mgonjwa. Ameumia mguu na hosi inataka kuukata. Mzee anabeba huo mzigo peke yake. Tafadhali tusimame na yeye." Baadaye nilipomkaba alijitetea kwamba hakuna neno hata moja la uongo. Ni kweli, hakuna. Wala hakuna mtu hata mmoja aliyeuliza mgonjwa ni nani. Kwa watu wetu kumhoji mgonjwa kabla ya kumsaidia ni utovu wa adabu.

Ijumaa ilikuwa siku yangu ya mapumziko, lakini baada ya sala nilikwenda kukaa na mbwa kivulini nyuma ya stoo. Nikaona basi dogo linasimama getini. Wakashuka watu wamevaa vizuri, akina mama wenye mabuibui na vitenge, wanaume wenye kanzu na mashati ya kanisani. Mmoja amebeba machungwa, mwingine juisi. Mbele yao alitangulia mama mmoja wa Mombasa, mpishi katika nyumba ya watu na mtunza fedha wa kundi, mkononi chupa kubwa ya chai ambayo haikuwa na chai.

"Assalaam alaykum, ndugu yangu. Pole, pole sana. Mgonjwa yuko wapi?"

Nikaitikia salamu. Nikafikiri wamekosea kampaundi. Nikauliza mgonjwa gani.

"Huyo wa mguu! Nimemletea supu ya kuku, nimeamka alfajiri kuichemsha. Amelazwa ndani?"

Nikaanza kuelewa, na kadiri nilivyoelewa ndivyo ulimi ulivyozidi kuwa mzito. Nikanyoosha mkono kuelekea kivulini. Mbwa, kwa adabu yake ile ile, aliinua kichwa na kutikisa mkia mara moja.

Mtu mmoja nyuma akaanza kukohoa, kile kikohozi cha mtu anayezuia kicheko.

"Huyu?" alisema mama. "Huyu ndiye mgonjwa? Jibwa?" Akageuka huku na huku kama anatafuta shahidi. "Wallahi! Nimekata vitunguu, nimelia machozi, nikamwombea dua, kumbe nawaombea majibwa! Na hela za watu nimebeba hapa! Walitoa kwa binadamu hizi, walitoa wakidhani ni mwana wa mtu!"

Wengine waliangua kicheko sasa, na mmoja akapiga magoti kwa kucheka, machungwa yakatawanyika. Wengine hawakucheka. Dereva wa basi alisema yeye arudishiwe chake, amekuja mpaka Wukair kwa mafuta yake. Nikawaambia kweli sikujua, na kwamba kila mtu arudishiwe, na kwamba mimi sikuomba senti ya mtu. Nilisema kwa ukali kuliko ilivyostahili, kwa sababu ya aibu. Kisha, sijui kwa nini, nikawaeleza. Niliwaeleza habari ya bendeji, ya daktari na simu yake, ya vidole baridi, ya sindano ya Jumamosi. Nikaeleza jinsi nilivyotolewa nje.

Mama alikuwa ameshaanza kurudi kwenye basi. Alisimama.

"Walikutoa nje?"

"Walinitoa."

"Wewe? Mtu mzima na mvi zako? Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu na mbwa wao."

Akarudi. Akakusanya buibui lake mkono mmoja lisimguse mbwa, akainama kiasi cha kuona ule mguu, akaziba pua. Alipoinuka uso ulikuwa umebadilika.

"Na hili walilitoza pesa?"

"Mara tatu."

"Hata mbwa," alisema polepole, "hata mbwa hatendwi hivi."

Kaka mmoja wa Uganda, mhudumu wa hoteli, mtu wa maneno machache, ndiye aliyesema kilichotuondoa pale. "Sisi tulikuja kuona mgonjwa. Mgonjwa anatakiwa hospitali. Si twende na yeye?"

Niliogopa, sitaficha. Mgeni katika nchi ya watu haendi kundi zima mahali kudai. Nikawaambia wataonekana wamekuja kufanya fujo, na kila mmoja ana kitambulisho kinachohitaji kuhuishwa. Mama akanikata. "Fujo ya nini? Tutasalimia, tutakaa. Mgonjwa kwetu anasindikizwa. Kukaa kwenye kiti si kosa." Dereva wa basi alinung'unika kuhusu viti vyake, kisha akatandika magazeti. Kabla hatujaondoka mama alinimiminia supu, akaamuru niinywe yote. Nilikuwa sijala tangu jana yake. Mgeni njoo mwenyeji apone. Siku ile niliuelewa usemi ule tumboni.

Njiani waliulizana kwenye kundi kuhusu pesa. Mtu mmoja alitaka chake na aliahidiwa kurudishiwa siku ile ile. Waliobaki walicheka, walituma picha za mbwa wenye mataji, wakasema mgonjwa ni mgonjwa.

Tuliingia klinikini kama tunavyoingia wodini kwetu. Kila mmoja alimsalimia dada wa mapokezi, mmoja baada ya mwingine, wakamuuliza habari za kazi. Wakamsalimia mlinzi wa mlangoni kwa Kiswahili mpaka akashindwa kuzuia tabasamu. Wakamsalimia bibi mmoja mwenye paka kwenye kikapu na kumwuliza paka anaendeleaje. Kisha wakakaa. Viti vilipokwisha, wengine walisimama ukutani, mikono mbele, kimya kama watu walioko msibani. Dada wa mapokezi alisema anaruhusiwa mtu mmoja tu kwa kila mnyama. Mama akamjibu kwa Kiarabu chake cha jikoni kwamba sisi ni jamaa za mgonjwa, hatuna haraka, tutamngoja daktari hata kama ni mpaka jioni. Akampa chungwa.

Dada alilishika lile chungwa asijue aliweke wapi. Akaondoka nalo kwenda ndani.

Aliyetoka hakuwa yule kijana. Alikuwa mama wa makamo, nywele zimechanganyika na mvi, miwani juu ya kichwa, daktari mkuu wa pale. Baadaye alisema alikuwa safarini wiki zile na ndiyo kwanza amerudi. Aliwatazama wale watu wote waliovaa nguo za Ijumaa, akauliza kwa Kiingereza mwenye mbwa ni nani.

"Mimi," nilisema. Nilisema kabla sijafikiri.

Akatuchukua mimi na mbwa ndani. Alipouona mguu alishusha miwani yake. Alichukua mkasi akaanza kukata bendeji, tabaka baada ya tabaka, na chini kabisa hapakuwa na pamba yoyote, palikuwa na ngozi iliyobanwa mpaka imekuwa nyeusi nyeusi. Nilidhani atanilaumu. Waliotangulia walinifanya nijione mkosaji. Aliketi kwenye kiti chake akanitazama machoni.

"Hii imekazwa mno," alisema. "Ilipaswa kufunguliwa ulipokuja mara ya pili. Kosa ni letu. Leo hutalipa."

Mimi ni mtu wa hasira, nilikuwa nimekuja na maneno yangu nimeyapanga. Yote yalianguka. Macho yalinijaa maji mbele ya mwanamke nisiyemjua, nikasema asante.

Akaniambia mambo yalivyo. Damu ilikuwa imezuiwa muda mrefu. Kama mishipa ya fahamu ya mguu imekufa, hakuna la kufanya ila kuukata siku hiyo hiyo, na kwa udhaifu alio nao mbwa huenda asiamke. Kama iko hai, mguu unaweza kuokolewa kwa kusafishwa na kufungwa upya kila baada ya siku mbili, pengine vidole viwili vipotee. Namna ya kujua ni moja. Atavibana vidole kwa koleo ndogo, kwa nguvu. Mbwa akisikia maumivu, mguu ni wake. Msaidizi alikuwa na mgonjwa mwingine, kwa hiyo akaniomba nimshike kichwa.

Mifuko yangu ya nailoni ilikuwa kwenye basi. Sikuikumbuka hata. Nilimkumbatia kichwa kwa mikono yangu yote miwili, mate yake yakinilowesha mpaka kwenye kiwiko, na nilichowaza kuhusu unajisi ni kwamba udongo wa kunawia nitautafuta baadaye. Simu ikaanza kuita kwenye mfuko wangu wa shati. Alikuwa kijana, najua mlio wake. Daktari akanyoosha mkono, akaipokea yeye na kuiweka mezani sauti ikiwa wazi, labda kwa sababu ilimkera, labda kwa wema.

"Mzee? Mzee, mko wapi?"

"Kaa kimya," nilimwambia. "Sikiliza."

Daktari akabana kidole cha nje. Mbwa hakutikisika. Akabana kinachofuata. Kimya. Mlangoni kulikuwa na kivuli, nikajua mama wa Mombasa amesogea na nyuma yake wote, maana hata viti havikulia tena. Daktari akabana cha tatu, na mbwa aliendelea kunitazama kwa macho yale yale ya asubuhi ya pikipiki, hana anachosikia. Nikaanza kusoma dua. Katika maisha yangu nimewaombea watu afya, nimewaombea riziki, nimewaombea pepo. Siku ile nilimwomba Mungu kiumbe wake aumie.

Daktari alibadilisha mkono. Akashika kidole cha ndani pamoja na ngozi ya kiganja, akabana.

Mbwa alilia. Hakuguna, alilia, kilio kirefu cha kujaza jengo zima, akauvuta mguu wake kwa nguvu ambazo sikujua anazo, akanigonga kidevu kwa kichwa mpaka nikauma ulimi. Na nje ya mlango watu wangu wakalipuka. "Alhamdulillahi!" "Asante Yesu!" Mama wa Mombasa alipiga vigelegele kama wa harusi, na yule bibi wa paka akasimama na kikapu chake, akatutazama kama watu waliorukwa na akili, tunashangilia mnyama anayelia. Daktari mwenyewe alikuwa anacheka, koleo bado mkononi.

Kwenye simu kijana alikuwa anapiga kelele. "Mzee! Huyo ni yeye? Wanamuua? Mzee, anakufa?"

Mdomo wangu ulikuwa na damu, mikono yangu imelowa, mbwa bado ananililia sikioni.

"Analia, mwanangu," nilimwambia. "Msikie anavyolia!"